Kiti cha maboksi

Juzi mwanangu alikuwa jikoni anakoroga unga wa ngano, anatengeneza gundi ya kazi ya shule. Harufu ya ule uji usio na sukari ikanipeleka moja kwa moja Kibosho, huko Moshi, kwa yule bibi.

Mjukuu wake alikuwa na miaka sita, na mtindio wa ubongo. Mama mtu alikuwa mjini anatafuta riziki. Nilipofika na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nilimkuta mtoto amelala chali mkekani, shingo imerudi nyuma, analishwa. Chakula kinacholiwa hivyo hupotea njia kikaingia kwenye mapafu, na kweli mtoto alikuwa haponi kifua. Nilichotaka mimi kilikuwa wazi: akae wima, kidevu kiiname kidogo, ameze salama. Lakini KCMC, hospitali ya Moshi nilikosomea tiba kazi, yaani tiba ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku, tulifundishwa kuuliza kabla ya kutoa futi. Nikamuuliza bibi angependa mjukuu wake afanye nini.

"Anisaidie kuchambua maharage," akasema. "Watoto wote wa hapa wanachambua."

Nikaandika hivyo hivyo.

Kiti tulikitengeneza kwa maboksi ya dukani, magazeti ya zamani na gundi ya unga. Ufundi huo ulianzia Zimbabwe, na ukifuatwa vizuri unatoa kiti kinachobeba hata mtu mzima. Unapima kutoka nyonga hadi goti, goti hadi kisigino. Unabandika tabaka juu ya tabaka, unaanika juani mpaka pakauke kabisa, halafu unapaka rangi ya mafuta ili maji yasipenye. Tuliweka mkanda wa nyonga, kigingi cha kutenganisha mapaja yasipishane, na meza ya mbele. Bibi alisisitiza kiti kiwe kifupi, kilingane na kigoda chake cha jikoni. Tukakikata kifupi.

Siku ya kumkalisha, bibi alileta ungo wa maharage, akamwaga machache juu ya ile meza. Nilikaa nyuma ya mtoto nikiwa nimeshika kiwiko chake kwa chini, kidogo tu, nikasubiri. Misuli ya mtoto kama yule hukaza zaidi ukiiharakisha. Bibi akaweka harage lililotobolewa na wadudu. "Hilo bovu. Toa." Macho yalifika kwanza. Kisha bega. Kisha mkono mzima ukaanza safari, ngumi imefungwa, ukipita upande usiotakiwa, ukirudi. Mhudumu akanyoosha mkono kumsaidia, nikamtikisia kichwa. Mgongo wa ngumi ukaligusa harage, likaanguka sakafuni.

"Haya, lingine."

La pili likaanguka, kisha la tatu, na hilo lilikuwa harage zuri kabisa. Bibi akamaka: "We! Hilo zima! Unatupa chakula?"

Alimgombeza kwa sauti ileile aliyokuwa akiwagombezea wajukuu wengine pale uani. Mtoto akaangua kicheko, mwili wote ukakakamaa kwa furaha, miguu ikanyooka mbele, na mkanda wa nyonga ukamshikilia asiteleze. Sidhani kama alikuwa amewahi kugombezwa maishani mwake. Watu walikuwa wanamhurumia tu.

Mengine yalikwenda haraka. Alizoea kulia chakula kwenye kiti. Miguu ikarefuka, kiti kikawa kidogo. Mimi nikahamishwa.

Fomu yetu ya taarifa ilikuwa na nafasi ya shingo, ya mgongo, ya viungo vya nyonga. Maharage niliyaandika pembeni, kwa herufi ndogo. Mpaka leo sijaweza kueleza kitaalamu ni nini kilichomfaa zaidi mtoto yule, pembe za nyuzi tisini za nyonga na magoti au zile kelele za bibi. Nikiwa na wanafunzi wa tiba kazi huwa nafundisha pembe kwanza, maana mapafu hayasubiri. Lakini nikishamaliza pembe nawaambia pia habari za bibi, na wengine huacha kuandika, kana kwamba somo limekwisha.

Kabla sijaondoka, bibi alikuwa ameanza kubandika kiti cha pili yeye mwenyewe, akisaidiana na jirani. Meza ya hicho aliizungushia ukingo pande tatu. Upande wa nne aliuacha wazi, ndio wa kutupia mabovu.