Wangila: kutoka dakika 9 za Seoul hadi raundi ya 9 Las Vegas

Mwaka 1988 pambano la ngumi za ridhaa lilikuwa raundi 3 za dakika 3, yaani dakika 9 za kazi. Kule Seoul, kwenye Olimpiki, Robert Wangila Napunyi wa Kenya hakuzihitaji zote. Kwenye fainali ya uzito wa welta alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ya Kenya iliyopatikana nje ya riadha, na kabla yake hakuna bondia mweusi wa bara hili aliyewahi kuipata.

Tarehe 22 Julai 1994 alipanda ulingoni Las Vegas kuzichapa na David Gonzalez. Raundi ya 9 refa Joe Cortez akalisimamisha pambano. Wangila akabisha, akarudi chumba cha kubadilishia nguo, akaangukia huko. Tarehe 24 akafariki, akiwa na miaka 26.

Wengi huongelea ngumi za kulipwa kana kwamba ni darasa linalofuata baada ya ridhaa: umefaulu huku, unapanda kule. Si hivyo. Ni kazi mbili zinazotumia ngumi zilezile. Mtazame huyo Boudouani aliyelala Seoul: mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA, moja ya vyama vya ngumi za kulipwa, uzito mmoja juu ya welta, akakaa na mkanda hadi 1999 alipovuliwa na David Reid. Aliyemlaza hakuwahi kushika mkanda wa dunia.

Kwa uzito, tofauti ni kama hakuna: welta ya ridhaa enzi hizo ilikuwa kilo 67, ya kulipwa ni ratili 147, sawa na kilo 66.7 hivi. Kinachobadilika ni saa ya kupanda mzani. Kwenye mashindano ya ridhaa bondia hupimwa asubuhi ya kila siku anayopigana, kwa hiyo akijikausha sana leo, yaani akitoa maji mwilini kwa jasho, kesho hana miguu. Kwenye kulipwa upimaji kwa kawaida hufanyika siku moja kabla. Hapo ndipo tamaa inapoingia. Bondia mwenye kilo 72 anajiambia atakauka hadi 66.7, kisha atanywa na kula, na kesho yake apande ulingoni akiwa na 71 mbele ya mtu mdogo.

Hesabu hiyo ina tundu. Kilo moja iliyotoka kwa jasho ni karibu lita moja ya maji, na kuirudisha kunahitaji takriban lita moja na nusu, kwa sababu sehemu itapotea kwenye mkojo. Kilo 5 zilizokauka ni lita 7 na nusu, zinywewe taratibu hadi usiku. Anayezigugumia kwa saa mbili huishia kukojoa maji meupe na tumbo kujaa gesi. Maji matupu hayakai mwilini. Yanataka chumvi na sukari, na paketi za ORS za dukani zinafaa kabisa. Chakula cha jioni ile kiwe wali, viazi au ndizi na nyama kidogo isiyo na mafuta. Maharage yangoje pambano liishe. Na hata ukifanya yote sawasawa, damu hujaa maji upesi kuliko misuli. Bondia aliyekauka kupita kiasi utamjua raundi ya tano: mikono inashuka, halafu kocha anasema hana moyo. Moyo anao, maji ndiyo hana. Anayejua kazi yake huanza kupunguza chakula wiki 8 kabla, ili wiki ya mwisho abaki na kilo 2 au 3 tu za maji.

Glovu nazo. Seoul walivaa za aunsi 10, pamoja na fulana na kofia ya kinga. Kofia ile iliingia Olimpiki mwaka 1984, na wanaume waliivua tena katika michezo ya 2016. Husaidia ngozi isichanike, lakini ubongo ukitikisika ndani ya fuvu haina msaada wowote. Kwenye kulipwa, hadi welta glovu ni za aunsi 8: chini kidogo ya gramu 230, sponji nyembamba, na hakuna kofia. Ngumi ambayo kwa ridhaa ingekuwa pointi, hapa inampasua mtu nyusi.

Pointi zenyewe zina kisa chake. Seoul hiyohiyo ndiko Roy Jones Jr alikonyimwa dhahabu kwa kura 3 dhidi ya 2 baada ya kumpiga Mkorea Park Si-hun raundi zote. Kelele za fainali ile zilichangia kuletwa kwa kompyuta kuanzia Barcelona 1992: majaji watatu kati ya watano wabonyeze kitufe ndani ya sekunde moja, ndipo ngumi ihesabiwe. Matokeo yake likalelewa kundi zima la mabondia wanaogusa na kukimbia, wasiojua kupiga mbavu kwa sababu ngumi ya mbavuni haikuonekana vizuri kwa waliobonyeza. Kompyuta iliondolewa 2013. Wangila hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa mpigaji, na wengi waliona ngumi yake imeumbwa kwa ajili ya kulipwa.

Lakini mpigaji wa dakika 9 amezoea kufungua bomba lote tangu kengele ya kwanza. Pambano lililoisha raundi ya 9 limekula kati ya dakika 24 na 27. Ndiyo maana njia ya kawaida ya kulipwa ni kuanza raundi 4, kisha 6, 8, 10, na 12 kwa mkanda. Kosa la bingwa wa ridhaa ni kurukishwa ngazi. Promota ana medali ya kuuza na haitaki ipoe, kwa hiyo mpinzani wa raundi 10 huja kabla mwili haujafunzwa kupumzika ndani ya raundi: kukumbatia kwa ujanja, kuegemea, kumzungusha mtu bila kupiga, kutupa jabu (ngumi nyepesi za mkono wa mbele) tatu za uongo ili upate sekunde kumi za pumzi. Mambo hayo hayafundishwi na begi. Yanatoka kwenye sparing ndefu, yaani mapigano ya mazoezi, na wazoefu wa kulipwa, kwa glovu za aunsi 16, na sparing hiyo ikome wiki moja hadi siku 10 kabla ya pambano.

Mkenya mwingine, Philip Waruinge, alipitia njia nyingine na akakutana na ukuta uleule. Mexico 1968 alipata shaba uzito wa feather, na bado akapewa Kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote wa michezo ile. Munich 1972 alipata fedha, akishindwa na Boris Kuznetsov kwa kura 3 dhidi ya 2. Kisha akaenda Japani, akapigana kama Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alikwenda Panama kugombea mkanda wa dunia wa WBC, chama kingine cha kulipwa, dhidi ya Rigoberto Riasco kwa ratili 122, kama kilo 55.3, ilhali ridhaa alikuwa akipigana kwa kilo 57. Alikuwa na miaka 30 na ushei na anashuka uzito! Hakulimaliza pambano.

Turudi Las Vegas. Cortez alikuwa sahihi, na kubisha kwa Wangila hakuonyeshi kwamba alikuwa mzima. Mishipa midogo kati ya ubongo na utando wake ikikatika, damu huvuja polepole. Mtu anaweza kuongea, kulalamika, kudai marudiano, huku damu inajikusanya. Kwa hiyo kazi ya kona, yaani kocha na wasaidizi wa bondia, haiishi kengele ikilia. Muulize yuko wapi, raundi ilikuwa ya ngapi, nani alikuwa mpinzani. Mmulike machoni kwa tochi ya simu: mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, hakuna kusubiri. Vivyo hivyo kichwa kikizidi kuuma badala ya kupoa, akitapika, ulimi ukiwa mzito, au usingizi ukimjia kwa namna isiyo ya uchovu. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, maana zinaweza kuzidisha kuvuja. Usimpe pombe ya kupooza machungu. Nenda naye moja kwa moja hospitali yenye kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa), na uijue ni ipi kabla hujasaini mkataba wa pambano. Asilale peke yake usiku huo.