Usiishike mausi ya mtoto

Watu wakisikia nafundisha kompyuta shule ya msingi wananiambia ah hiyo kazi rahisi, watoto wa siku hizi wanazaliwa wanajua hivi vitu. Huwa nacheka tu. Njoo siku moja ukae nyuma ya darasa la pili uwaone hao waliozaliwa wanajua. Mtoto anakaa, anaiangalia skrini, anapeleka kidole anaanza kuipangusa kushoto kulia, haijibu, anapangusa tena kwa nguvu, kimya, alafu ananigeukia na sura ya mtu aliyedhulumiwa haki yake: mwalimu hii mbovu.

Sio mbovu. Simu anaijua, tena pengine kuliko mimi, ila kwa mkono wa mtoto simu na kompyuta ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye simu kidole kinagusa kile kile anachokiona. Kwenye mausi mkono uko mezani, macho yako kwenye skrini, na kile kimshale kinatembea mahali ambapo mkono haupo. Sisi watu wazima tumeshasahau kwamba hili jambo liliwahi kuwa gumu. Nina watoto wanaoinyanyua mausi hewani na kuielekeza kwenye skrini. Nina wengine wakifika ukingoni wanasimama hapo hapo, mwalimu meza imeisha! Hawajui kwamba unainyanyua, unairudisha katikati, unaendelea, na mshale unabaki pale pale ulipouacha. Hiyo ya kunyanyua inabidi uifundishe kabisa kama somo, na kwenye muhtasari niliopewa haimo.

Kubofya mara mbili sasa ndo balaa. Kidole kinabonyeza ya kwanza, mkono unateleza kidogo, kinabonyeza ya pili, kompyuta inaona umebofya mara moja hapa na mara moja pale, faili halifunguki. Dawa yangu ni kiganja kilale mezani kidole peke yake ndo kifanye kazi, na akishindwa kabisa abofye mara moja tu alafu abonyeze Enter. Mafundi waniwie radhi lakini inafungua. Vipindi vya mwanzo vya wadogo tunachora tu, nyumba, jua, mti, rangi, mtu akipita dirishani anajua tunacheza, kumbe kuvuta mstari kutoka hapa mpaka pale bila kuachia kidole ndo somo lenyewe.

Wakubwa wakubwa niliwasimulia kuhusu Douglas Engelbart, yule Mmarekani aliyebuni mausi, kwamba mausi yake ya kwanza ya mwaka 1964 ilikua kipande cha mbao chenye vigurudumu viwili chini, na mwanzoni waya ulikua unatokea nyuma, upande wa mkono, baadae ndo wakauhamishia mbele usisumbue. Nilifikiri ni hadithi ya dakika mbili. Darasa zima likapindua mausi kuangalia tumbo, wakakuta kitaa chekundu, basi kipindi kikaishia hapo.

Kuna kitu kimoja kinakula mda kuliko vyote na hakuna aliyenionya, nacho ni paswedi. Hebu fikiria mtoto wa darasa la kwanza. Darasani kwao wamejifunza a ndogo, b ndogo, g ndogo, halafu anakuja kwangu anakuta kibodi yote imeandikwa herufi KUBWA. Paswedi yake kwenye kadi imeandikwa kwa herufi ndogo. Anatafuta g, haioni, kwa sababu kwenye kibodi kuna G na kwake yeye hicho ni kitu kingine. Akiipata kuna sifuri na O, kuna moja na l ndogo, kuna Caps Lock, kile kitufe cha kufanya herufi zote ziwe kubwa, ambayo jirani kaibonyeza kwa utundu, na juu ya yote anachoandika kinatokea vidoti tu, "mwalimu mi naandika jina yenyewe inaandika vidoti". Sa hivi kadi za wadogo naziandika kwa herufi kubwa kama zilivyo kwenye kibodi ingawa paswedi yenyewe ni ndogo, na nimeziondoa sifuri na moja zote. Kwa wakubwa nawafundisha waunganishe maneno matatu yasiyohusiana, wanacheka wakitunga na wanayakumbuka, afu ni ngumu kubahatisha kuliko jina la mtu na mwaka wa kuzaliwa.

Akaunti za mtandaoni mi naziepuka kwa hawa wadogo. Wanauliza kila siku kwa nini kila mahali wanaambiwa mpaka miaka 13, nawaambia ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda taarifa za watoto, na kwa kua makampuni mengi makubwa yako kule basi ile 13 imesambaa dunia nzima. Wanaitikia vizuri sana, halafu mmoja ananinong'oneza kwamba yeye ana akaunti na huko ana miaka 27.

Sasa nije kwenye hili la kichwa cha habari maana ndo lililonifanya niandike.

Nilipopewa darasa kuna mwalimu mzoefu, mama mmoja mpole, alinipitia mlangoni akaniambia mwanangu mimi sijui kompyuta zako lakini nakuambia kitu kimoja, usiishike mausi ya mtoto. Akaenda zake. Nimekuja kuona ndo ushauri wa maana kuliko semina zote. Kwa sababu inakuvuta! Mtoto amekwama, wewe unaliona kosa ukiwa bado uko mbali, ukichukua mausi ni tk tk tk imekwisha unaenda kwa mwingine. Ila yeye alichojifunza hapo ni kwamba mwalimu anajua. Kesho akikwama ananyoosha mkono tena, na darasa lina mikono mingi kuliko miguu yako. Kwaiyo mimi natembea mikono nyuma, nimeifunga kweli kweli, watoto wengine wanafikiri ndo mwendo wangu.

Badala ya mkono natumia sentensi moja: nisomee imeandika nini. Yaani hii sentensi ingekua wimbo ningekua tajiri. Watoto (na watu wazima pia, msinitazame hivyo) kikijitokeza kidirisha chenye maandishi wanakifunga haraka kabla hakijamaliza kutokea, alafu wanasema kompyuta imegoma. Nisomee imeandika nini. Anasoma kwa kukokota, "je... una...taka... ku...hifadhi", ananyamaza, anasema ohoo, anabofya mwenyewe. Mara nyingi sana msaada wangu unaishia hapo, sijafanya kitu chochote zaidi ya kusimama.

Na kabla ya kuniita lazima awe ameuliza wenzake watatu. Akiwa bado amekwama anaweka kadi nyekundu juu ya skrini anaendelea na kingine, hakuna kukaa mkono juu na kuita mwaliimu mwaliimu. Kelele zilipungua, ingawa kusema kweli nyingine zilihamia kwenye kuulizana.

Kompyuta hazitoshi kwaiyo wanakaa wawili wawili. Hapa nina dereva na utingo. Dereva ndo anashika mausi, utingo anaelekeza kwa mdomo tu, haruhusiwi kugusa, nikipiga kengele wanabadilishana. Mwanzo utingo alikua anasema "hapo, hapo, sio hapo, HAPO". Taratibu wakaanza kusema juu kulia, kile cha bluu, cha pili kutoka chini. Ukiniuliza somo la kompyuta limewapa nini mpaka sasa, ningesema hicho, kwamba mtoto anaweza kumuelekeza mwenzake kitu kwa maneno mpaka kikafanyika bila kumnyang'anya.

Basi tuko darasa la nne na Scratch, ile programu ya vipande vya rangi iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, unaunganisha vipande paka anatembea. Ni bure, inafanya kazi hata bila intaneti ukishaiweka, haikulazimishi akaunti, na ukienda kwenye lugha Kiswahili kimo. Kuna binti kampangia paka wake atembee bila kusimama, akigonga ukingo arudi. Akabonyeza bendera ya kijani, paka akaenda vizuri, akagonga, akarudi miguu juu kichwa chini, anatembea kwenye dari hana habari. Vicheko darasa zima. Binti hakucheka, kakasirika.

"Mwalimu paka wangu kapinduka."

"Kapinduka saa ngapi?"

"Akifika ukutani."

"Kabla ya hapo?"

"Yuko sawa tu."

"Akifika ukutani anafanya nini?"

"Anageuka si anarudi."

"Anageukaje? Hebu kua wewe ndo paka."

Akasimama, akatembea mpaka ukutani kweli, akageuka kama mtu anavyogeuka, akarudi. Akatulia. Akarudi tena ukutani. Alafu akainua kiganja chake akakielekeza kulia, akakizungusha taratibu mpaka vidole vikaangalia kushoto, na kiganja kilichokua kinatazama chini sasa kinatazama juu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "yeye hageuki, yeye anazungushwa". Mikono yangu ilikua nyuma, na nawaambia ilikua inawasha. Akarudi kwenye kiti akaanza kupekua vipande vya bluu, vya mwendo, kimoja kimoja, utingo wake anasoma kwa sauti, wakakipata kile cha kuchagua mtindo wa kuzunguka, wakaweka kushoto-kulia. Paka akasimama kwa miguu yake. Kufika mwisho wa kipindi nusu ya darasa wanakitumia hicho kipande na mimi sijakifundisha.

Hii ya kumwambia mtoto awe yeye ndo paka sio akili yangu. Mwaka 1967 mwanahisabati Seymour Papert na wenzie kina Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walitengeneza lugha ya watoto inaitwa Logo, baadae ikawekewa kobe unayemuamrisha mbele kiasi fulani, kulia nyuzi 90, anachora anapopita. Papert alikua anasema mtoto akishindwa ajifanye yeye ndo kobe, atembee mwenyewe. Miaka yote hiyo imepita, mashine zimebadilika, na njia bado ni ile ile, simama utembee.

Siku mtandao au umeme ukigoma huwa sihangaiki tena, na nyingine zinakua tamu kuliko za kompyuta. Tim Bell, mtaalamu wa kompyuta wa New Zealand, na wenzake walikusanya michezo ya kufundisha kompyuta bila kompyuta, nimechota humo bila aibu. Naita watoto watano mbele kila mmoja na kadi ya vidoti, 16, 8, 4, 2, 1. Kadi ikionekana inahesabiwa, ikifichwa haihesabiwi. Nipeni 9. Wanasukumana, wanabishana, 8 anaonyesha na 1 anaonyesha, wengine wanaficha. Nipeni 21. Nipeni kubwa kuliko zote, wanafika 31. Hapo huwa sisemi kitu nasubiri tu, mpaka kuna mmoja kutoka nyuma anauliza je tukiongeza mtu wa sita atabeba ngapi. Wanajipigia wenyewe, 32, kwaiyo tunafika 63, na wa saba je, basi huwazuii tena.

Mengine nitaje haraka. Mafaili yote yanaitwa aaaa, aaaa2 na aaaa mpya, nimelazimisha jina, darasa, na kitu chenyewe, wanatii nikiwa nimesimama. Kuna mtundu wa darasa la sita kagundua kwenye baadhi ya mashine ukibonyeza Ctrl, Alt na mshale skrini inageuka juu chini, kipindi kilichofuata nikakuta chumba kizima kimepinduliwa. Nilimpa kazi ya kuzirudisha zote na kuwafundisha wenzake jinsi ya kurudisha, akaifanya kwa furaha mno, adhabu haikua adhabu. Kuandika kwa vidole kumi siwalazimishi wadogo, mikono yao haijafika, wakishajua vile vinundu vya F na J vipo kwa ajili ya vidole vya shahada inatosha kwa sasa. Wakiuliza mbona ABC haziko kwa mpangilio nawaambia mpangilio huu umerithiwa kutoka mashine za kuchapa za miaka ya 1870, wanaguna.

Wazazi wengine wananiuliza lini wataanza akili mnemba. Mtoto bado anafunga kidirisha kabla hajakisoma, jamani, tungoje kidogo.

Na walimu wenzangu wameamua mimi ni fundi. Projekta ikizima naitwa, printa ikikwamisha karatasi naitwa, simu ya mtu imejaa naitwa. Kuna mmoja juzi kanipa laptopu yake niangalie, nikamuambia ticha nisomee imeandika nini. Hakupenda.

Muhula ujao wadogo wa darasa la kwanza nawahamishia ScratchJr, ile Scratch ya wadogo, vipande vyake ni picha hivo hata asiyejua kusoma anaunganisha, na inatumia tableti kwaiyo ile kiu yao ya kupangusa skrini itapata pa kwenda. Kinachoniumiza kichwa sasa ni hedifoni tu. Kila jioni nazifungua waya moja moja nazitundika vizuri, asubuhi nazikuta zimesukana zenyewe kabatini na kabati funguo ninayo mimi.