Dereva anayesomeka: kuendesha gari Ujerumani ukitokea Afrika Mashariki

Mtu aliyeendesha gari miaka kadhaa kati ya Ubungo na Mbezi, Dar es Salaam, akakwepa bodaboda, bajaji, mikokoteni na daladala zinazosimama ghafla, ana macho makali kuliko madereva wengi wa hapa Ujerumani. Hata hivyo mtu huyohuyo anaweza kuangushwa kwenye mtihani wa udereva wa hapa ndani ya dakika kumi za mwanzo. Gari analijua vizuri. Kinachomwangusha ni namna ya kupata haki ya kupita. Nyumbani haki hiyo hupatikana kwa mapatano ya papo hapo: unachomeka pua ya gari, unatazamana na mwenzako, honi kidogo, mkono dirishani, mambo yanakwenda. Hapa haki imeshagawanywa kabla hujafika kwenye makutano, na kila mtu anaendesha kwa kasi yake akiamini kwamba zamu yako unaijua. Kwa hiyo dereva mzuri ni yule ambaye wenzake wanaweza kubashiri atafanya nini sekunde chache zijazo. Asiyebashirika ni dereva mbaya, hata akiwa mpole kiasi gani.

Tuanze na upande. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali, Goma na Bukavu wamezoea kulia, waruke aya hii. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda ndio tunaohama. Kwenye foleni hakuna tabu, maana unamfuata aliye mbele. Kosa hutokea barabara ikiwa tupu: alfajiri, unapotoka kituo cha mafuta, au baada ya kukata kona ya kushoto katika mtaa mtulivu. Shika hili: ukiwa na gari la hapa, wewe dereva unakaa upande wa katikati ya barabara, na abiria wako ndiye aliye karibu na ukingo. Ikiwa kinyume, umeingia upande wa wenzako. Jambo la pili halisemwi sana. Mwili uliozoea kukaa kulia mwa gari hutafuta nafasi ileile kwenye leni, basi gari zima linasogea kulia na kioo cha upande wa abiria kinakwangua magari yaliyoegeshwa. Dawa yake ni kutazama mbali, si mbele ya boneti, na kukagua kwenye kioo cha kushoto nafasi iliyopo kati ya gurudumu na mstari wa katikati. Indiketa nayo, ambayo kwenye magari mengi ya Kijapani tuliyozoea iko kulia mwa usukani, hapa iko kushoto. Siku za mwanzo waipa zitafanya kazi bila mvua.

Sasa kiini cha mambo: kanuni wanayoiita rechts vor links, yaani anayetokea kulia kwako hutangulia. Inatumika kwenye makutano yoyote yasiyo na taa, kibao wala askari, na maeneo ya kilomita 30 kwa saa yamejaa makutano ya aina hiyo. Ukubwa wa barabara hausemi kitu. Uko kwenye mtaa mpana ulionyooka, kulia kuna kichochoro chembamba kinachoishia kwenye mtaa wako. Gari likitokea humo, lenyewe ndilo linapita kwanza. Baiskeli ikitokea humo, vilevile. Mgeni huona barabara yake imenyooka na anapita bila kupunguza mwendo. Hilo peke yake linatosha mwalimu aliye pembeni yako kukanyaga breki na mtahini kuufunga mtihani. Namna sahihi ni kuachia mafuta mita kadhaa kabla ya kila mdomo wa mtaa wa kulia, kuweka mguu juu ya breki, na kutazama kulia waziwazi. Wasiokuwa na haki hiyo ni wale wanaotoka kwenye uwanja binafsi, maegesho, njia ya shambani, au mahali ambapo ukingo wa barabara umeshushwa ili gari lipande. Hao wanasubiri kila mtu. Wewe ukitoka sehemu kama hizo, utasubiri kila mtu vilevile.

Kibao cha almasi ya njano kinakuambia uko kwenye barabara yenye kipaumbele mpaka utakapokiona kimepigwa mistari, au ukutane na kibao cha kupisha au cha kusimama. Pembetatu yenye mshale mnene mweusi inakupa kipaumbele kwenye makutano yanayofuata tu. Vibao hivi viwili ndivyo hukosewa zaidi na watu wetu, kwa sababu nyumbani kibao tulikisoma siku ya mtihani na baada ya hapo tukawa tunasoma watu.

Na hapa ndipo wema unapogeuka hatari. Una haki ya kupita, unasimama ghafla kumpisha mwenzako kwa hisani. Yeye anasita, wa nyuma yako hakutegemea breki, na mwendesha baiskeli aliye ubavuni anaendelea kwa sababu yeye anafuata kanuni. Ukiwa na zamu, pita. Pahali ambapo macho na mikono vinahitajika kweli ni pale magari manne yanapofika pamoja kutoka pande nne, kila mmoja akiwa na mwenzake kulia. Hapo mmoja lazima aachie haki yake na aonyeshe kwa mkono.

Lugha ya taa pia inabadilika. Kwenye barabara zetu za masafa, lori lililo mbele likiwasha indiketa linaweza kuwa linakuambia upite au usipite, na kila dereva wa basi anaielewa lugha hiyo. Hapa indiketa ina maana moja: mimi naelekea huku. Ukimpita aliyewasha indiketa ya kushoto ukidhani anakupa taarifa, atakuingia ubavuni. Kupiga ful taa kuwatahadharisha wenzako kwamba mbele kuna tochi nako kunaweza kukutoza faini. Tochi zenyewe nyingi ni kamera zisizo na askari wa kuzungumza naye. Barua yenye picha yako inakuja nyumbani.

Taa ya kijani inawadanganya wengi. Ukikata kulia kwa kijani, wanaotembea kwa miguu sambamba na barabara unayotoka mara nyingi nao wana kijani, na wao ndio wanaopita kwanza. Ukikata kushoto, unawasubiri magari yanayokuja mbele yako, halafu watembea kwa miguu. Kijani inakuruhusu kuingia kwenye makutano. Bado kuna watu wenye haki mbele yako. Mwenye baiskeli ndiye anayeumia zaidi. Yuko kulia kwako, anakwenda moja kwa moja, wewe unakata kulia, na kwenye kioo haonekani. Mfuatano ni huu: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, kisha ugeuze shingo utazame juu ya bega, ndipo ugeuze usukani. Kugeuza shingo kunaitwa Schulterblick, na mtahini huhesabu kila mara usipofanya. Ukimpita mwenye baiskeli mjini acha mita 1.5 kati yenu, nje ya mji mita 2. Nafasi ikikosekana, unabaki nyuma yake, hata kwa mtaa mzima.

Basi linapokaribia kituo likiwa limewasha hazadi, huruhusiwi kulipita. Likishasimama nazo zikiwaka, unalipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, na masharti hayo yanamhusu pia anayetokea upande wa pili. Watoto hukimbilia basi bila kutazama, ndiyo sababu.

Barabara kuu ya mwendo kasi, Autobahn, inaogopwa kuliko inavyostahili, isipokuwa pale pa kuingilia. Leni ya kuongezea mwendo imetengenezwa uitumie yote. Anayeingia na kilomita 50 kwa saa, akafika mwisho wake na kusimama, amejiweka mahali pabaya kuliko pote: inabidi aanze kutoka sifuri mbele ya malori yanayokwenda 80. Kaa kwenye gia ya tatu, kanyaga mafuta kwa ujasiri, fikisha 80 hadi 100, indiketa mapema, kioo, shingo, kisha uingie kwenye pengo ulilolichagua. Walio ndani wana haki, kwa hiyo wewe ndiye unayerekebisha mwendo.

Baada ya hapo kaa kulia. Leni ya kushoto ni ya kupita na kurudi, na kumpita mtu kwa upande wa kulia ni marufuku magari yakiwa yanakwenda kasi. Sehemu nyingi hazina kikomo cha mwendo, ila kasi inayopendekezwa ni 130. Fanya hesabu kabla ya kuhama kushoto. Wewe una 130, lori lina 80. Kulipita kwa nafasi salama mbele na nyuma kunachukua kama sekunde tisa. Gari lililo mita 200 nyuma yako likiwa na 200 kwa saa linafunga pengo hilo kwa sekunde kumi hivi. Kwenye kioo lilionekana dogo sana. Kwa hiyo tazama kioo mara mbili, kwa kupishana sekunde moja au mbili, uone linavyokua. Likikua upesi, baki ulipo.

Umbali wa nyuma ya gari jingine ni nusu ya namba ya spidi kwa mita: una 100, acha 50. Nguzo ndogo nyeupe za pembeni zimepangwa kila mita 50, zitumie kupima. Hesabu ya kusimama wanayoifundisha shule za udereva ni rahisi. Gawanya spidi kwa 10, zidisha kwa 3, hizo ni mita unazopita kabla mguu haujafika kwenye breki. Kisha chukua spidi gawanya kwa 10 na uizidishe kwa yenyewe, hizo ni mita za breki. Kwa 30: 9 na 9, jumla 18. Kwa 50: 15 na 25, jumla 40. Kwa 100: 30 na 100, jumla 130. Hiyo ni lami kavu. Nawasihi muifanye hesabu hii kwa sauti siku moja mkiwa na watoto ndani ya gari.

Foleni ikianza kutembea polepole au kusimama kwenye Autobahn, unafungua njia ya magari ya uokoaji hapohapo, kabla ya kusikia king'ora. Leni ya kushoto kabisa husogea kushoto, nyingine zote husogea kulia. Tabia ya kutanua na kumfuata ambulansi kwa nyuma, ambayo nyumbani tumeizoea, hapa ina adhabu nzito. Hata kutofungua njia tu ni kuanzia euro 200, pointi 2 za adhabu kwenye rekodi yako ya udereva na mwezi mmoja bila leseni. Pointi zikifika 8, leseni inafutwa. Kushika simu ukiendesha ni euro 100 na pointi moja.

Jambo moja zaidi linawaponza wageni waaminifu kabisa. Umegusa gari lililoegeshwa, mwenyewe hayupo, unaacha karatasi yenye namba ya simu kwenye kioo na kuondoka. Kisheria umekimbia ajali, na hilo ni kosa la jinai. Subiri kwa muda wa kutosha, na mwenyewe asipotokea piga simu polisi.

Kuhusu leseni: ya Tanzania inakubalika kwa miezi sita tangu uhamie, kwa kawaida pamoja na tafsiri rasmi, na baada ya hapo ukiendesha unahesabiwa kama usiye na leseni. Anza maombi mapema, maana ofisi huchukua muda. Utatakiwa kupima macho, kufanya kozi ya huduma ya kwanza, mtihani wa nadharia na wa vitendo. Saa za lazima za shule ya udereva hazikuhusu ukiwa na leseni halali ya nyumbani, lakini mtihani lazima ufanywe kwenye gari la shule ukiwa na mwalimu. Nadharia ina maswali 30. Unaruhusiwa pointi 10 za makosa, ila ukikosa maswali mawili ya pointi 5 umeanguka. Kiswahili hakimo katika lugha za mtihani. Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zimo. Mtihani wa vitendo ni dakika 55. Lipia masomo kadhaa hata kama umeendesha miaka ishirini, na mwombe mwalimu akupeleke kwenye mitaa ya kilomita 30 kuliko kwingine kote.