Ndugu Yake Yuko Wapi?

Jaribio la trigonometria, hisabati ya pembe, lilikuwa na maswali matatu, kila moja alama 4, nami nilimaliza wa kwanza darasani. Swali la kwanza lilitaka thamani zote za x, kuanzia nyuzi 0 hadi 360, ambazo sin x, yaani sini ya pembe x, = 0.5. Nikabonyeza sin⁻¹, kitufe cha kinyume cha sini kinachotafuta pembe kutokana na sini yake, nikaingiza 0.5, kikokotoo kikaleta 30. Nikaandika 30, nikaipigia mistari miwili chini kama mtu aliyefunga hesabu za mwaka.

La pili, cos x (kosini ya x) = −0.4, lilinipa 113.58. Nikaandika hivyo hivyo.

La tatu ndilo ninaloona aibu kulisimulia. Mlinganyo ulikuwa sin x = −0.5, na kikokotoo kikasema −30. Nikaona kabisa kwamba −30 haimo kati ya 0 na 360. Nikafanyaje? Nikafuta ile alama ya kutoa! Nikabaki na 30, jibu lile lile la swali la kwanza, kwenye karatasi ile ile, sentimita chache tu chini yake, na wala sikushtuka.

Karatasi iliporudi nilikuta 4 kati ya 12. Kando ya 30 ya kwanza mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Ndugu yake yuko wapi?" Kando ya 113.58, swali lile lile. Kwenye la tatu aliandika: "Sini ya 30 ni 0.5 au −0.5? Chagua moja."

Nilimfuata baada ya kipindi kwenda kudai alama zangu. Nilikuwa na hoja moja tu: mwalimu, kikokotoo ndicho kilichosema. Hakubishana nami. Aliniambia nitafute sini ya 150. Nikabonyeza, ikaja 0.5. Nikarudia, nikidhani nimekosea kitufe. Ikaja 0.5 tena.

"Basi kilikudanganya?" akaniuliza.

Akachora wimbi la sini kutoka 0 hadi 360, kisha akalaza rula juu yake, sawa na mhimili wa x, kwenye kimo cha 0.5. Rula ilikata wimbi mara mbili: mara moja likipanda, kwenye 30, na mara nyingine likishuka, kwenye 150. Akasema kikokotoo kina kioo cha jibu moja. Ili kinyume cha sini kiwe fomula inayotoa jibu moja kwa kila namba, wanahisabati walikubaliana kuchukua kipande kimoja tu cha wimbi, kile cha kutoka −90 hadi 90. Cha kosini kinatoka 0 hadi 180. Cha tanjenti kiko kati ya −90 na 90, bila ncha zenyewe. Kilichobaki ni kazi ya anayetafuta: kwa sini unatoa jibu la kikokotoo kwenye 180, kwa kosini unalitoa kwenye 360, kwa tanjenti unaongeza 180.

Kumbe ile −30 niliyoifuta haikuwa na kosa lolote! Ukiiongezea mzunguko mzima, 360, unapata 330. Ukiitoa kwenye 180 unapata 210, maana kutoa hasi ni kujumlisha. Ndugu wa 113.58 alikuwa 246.42. (Nikiri na jingine: muhula mzima nilidhani ile −1 juu ya sin maana yake ni 1 kugawanya kwa sini. Nani angenilaumu, wakati sin²x kweli ni sini ya x iliyozidishwa kwa yenyewe? Alama za hisabati nazo zina ukaidi wake.)

Nilipoanza kukusanya vitu vyangu, akaniongezea moja: sin 2x = 0.5, mipaka ile ile. Nikajibu upesi, safari hii na ndugu nikamkumbuka: 2x ni 30 na 150, kwa hiyo x ni 15 na 75. Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu.

"x inafika 360. Je, 2x inafika wapi?"

Ikanichukua muda. Inafika 720. Nikachora wimbi la pili nikaliunga na la kwanza, nikalaza rula mwenyewe, nikahesabu makutano kwa ncha ya penseli: manne. Pembe za 30, 150, 390 na 510. Nikagawa kila moja kwa mbili: 15, 75, 195, 255. Kikokotoo kilikuwa mezani muda wote huo, kimejizima chenyewe.

Alama zangu hakuziongeza. Zilibaki 4 kati ya 12.