Asubuhi kwenye misindano ya Sao Hill

Julai, Mafinga, baridi inauma mpaka kwenye kucha. Saa moja asubuhi glavu zangu zilikuwa zimeshalowa ukungu, na shemeji, mwenyeji wa huku, bado alikuwa anapuliza viganja. Kibali cha kuingia shambani tulikichukua ofisini tangu jana yake. Tukaiacha lami, tukazama msituni na baiskeli zetu.

Sao Hill ndilo shamba kubwa la miti kuliko yote ya Serikali nchini, na majaribio ya kupanda yalianza 1939. Misindano imesimama kwa mistari, na jua likichomoza hupenya katikati kama meno ya kitana. Baadhi ya vigogo vimechanjwa na kufungiwa mifuko ya utomvu. Harufu yake ilinikaa kooni siku nzima.

Njia kuu ni zile za kuzuia moto. Ni pana, zimefyekwa vizuri, na hazikwepi kilima: unapanda mpaka gia zinaisha, kisha unalipwa mteremko. Huko Whistler, Kanada, waendeshaji hupandishwa mlimani na baiskeli zao kwa viti vinavyovutwa na kebo. Mimi napenda kuupanda mlima kwa miguu yangu, maana ndipo nilipousikia msitu.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye vijia vya waokota kuni. Majani ya msindano yakikauka hulaliana kama nyasi za paa, na chini yake udongo mwekundu una majimaji. Nilibana breki ya mbele katikati ya kona, tairi likanikimbia, nikaanguka ubavu. Goti lilichubuka.

Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma Phoenix yenye mzigo wa kuni akasimama.

"Kamwene."

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Pole, mwanangu." Akaibonyeza shokapu ya mbele, akaitazama inavyorudi. "Humu breki unashika kabla ya kona. Ukishaingia, iachie. Na usiutazame mti, utaufuata. Tazama unakokwenda."

Njia ile anaishuka na mzigo, kwa breki za vyuma tu.

Nikapanda tena na kushuka, mara mbili, mara tatu. Mara ya nne niliachia breki, nikakaza macho kwenye mwanga wa mwisho wa kijia, na baiskeli ikapinda yenyewe, matairi yakinong'ona juu ya majani. Nilipiga kelele za furaha, shemeji akanisikia kutoka ng'ambo ya bonde.

Alipofika akasema njaa inamuuma, turudi mjini tukanywe chai.

"Moja tu, shemeji," nikamwambia, nikaanza kusukuma baiskeli kurudi juu.