Siku 11 za penseli

Alikuwa anachonga penseli. Kengele ya mwisho ilishalia, wenzake walishapigana vikumbo mlangoni na kutokomea, yeye kasimama kwenye kapu la taka anachonga. Anaichonga, anaivunja ncha kwa kidole gumba, anaichonga tena. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamwambia, "Utaimaliza hiyo." Akajibu bila kugeuka, "Bado ipo, Mwalimu."

Huo ulikuwa mwaka wangu wa sita kazini, darasa la tatu, watoto 41. Kwenye daftari langu la maendeleo nilikuwa nimemwandika hivi: mzito, hazingatii, anasinzia. Nikiyasoma maneno yale leo naona haya, maana kila moja lilikuwa kweli na hakuna hata moja lililonipeleka mahali. Saa nne asubuhi kichwa kiko mezani. Ukimsomesha sentensi na kumuuliza ilisema nini, imeshapotea. Siku moja rula ilimponyoka mtoto ikalia pwaa sakafuni. Darasa zima liligeuka kuitazama rula. Yeye alitazama mikono yangu.

Kisha ikaja alama. Alipandisha mkono wa sweta kidogo tu anawe mikono, nikaona juu ya kiwiko madoa manne yamepangana upande wa nje, na moja upande wa ndani. Shika mkono wako mwenyewe hapo, kwa nguvu, utajua vidole vinakaa vipi. "Nilianguka," alisema kabla sijauliza. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe, nikaandika nilichokiona.

Halafu nikaanza kutafuta uhakika.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Akavua miwani, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, siri ya mtungi aijuaye kata. Familia ile ni watu wa heshima." Sikumbishia. Ukweli ni kwamba nilipata ahueni. Nikajiambia nikusanye ushahidi kwanza: nimchunguze tena, niongee na mzazi mmoja kijuujuu, nimuulize mtoto kwa njia ya mzunguko. Nilimuuliza mara tatu, siku tatu tofauti, na kila mara jibu lake lilizidi kuwa fupi. Mara ya tatu nilifanya kosa kubwa zaidi, nikamwahidi kwamba akiniambia sitamwambia mtu. Ahadi ya namna hiyo mwalimu hana uwezo wa kuitimiza, na mtoto akija kuona imevunjwa, mlango anaufunga kwa kila mtu mzima atakayekuja baada yako.

Sheria haikuwa imenituma nifanye hata moja kati ya hayo. Katika nchi nyingi ambako mwalimu, daktari au muuguzi analazimika kutoa taarifa mtoto akionekana kufanyiwa ukatili, kinachohitajika ni sababu ya msingi ya kushuku, basi. Kuthibitisha ni kazi ya wengine, waliosomea namna ya kumhoji mtoto mara chache iwezekanavyo bila kumtilia maneno mdomoni. Anayetoa taarifa kwa nia njema hulindwa asishtakiwe hata ikibainika alikosea, na kwa kawaida jina lake halipelekwi kwa familia. Tena wajibu huwa juu yako binafsi: kumwambia bosi wako hakukutoi. Mkuu wangu alikuwa amenipa maoni yake. Mimi niliyapokea kama ruhusa.

Sheria hizi zina umri mdogo kuliko nilivyodhani. Mwaka 1962 daktari wa watoto Henry Kempe na wenzake huko Marekani walichapisha makala juu ya watoto wanaopigwa hadi kuumizwa. Walieleza jambo ambalo madaktari walikuwa wakilitazama bila kulitaja: picha za eksirei zenye mifupa iliyovunjika nyakati tofauti, mmoja unaanza kuunga, mwingine umeshaunga, na maelezo ya wazazi yasiyolingana na majeraha. Mpaka 1967 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya kutoa taarifa. Mwanzoni ziliwalenga zaidi madaktari. Walimu tukaongezwa baadaye. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 19, nao unazitaka nchi ziwe na taratibu za kubaini ukatili na kuutolea taarifa. Si kila nchi inamlazimisha mwalimu, New Zealand kwa mfano kwa miaka mingi haikufanya hivyo, na hofu ya kufurika kwa taarifa zisizo na mashiko si ya kubuni. Naielewa hofu hiyo. Ila kosa langu halikuwa la kuharakisha.

Yaliyoniuma zaidi niliyajua baadaye, kwenye semina ambayo nusu yetu tulikwenda kwa ajili ya cheti. Mwili ukiona hatari humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, misuli inakaza. Hatari ikipita, mambo yanashuka. Mtoto ambaye hatari inalala naye nyumba moja hapati huko kushuka. Kwa wengine homoni hukaa juu, kwa wengine mfumo hupooza. Amigdala, kile kikengele cha hofu ndani ya ubongo, hujifunza kulia kwa jambo dogo. Hipokampasi inayosaidia kutunza kumbukumbu huathirika, na vilevile sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kutulia na kuzingatia, ambayo hata kwa mtoto aliyelelewa vizuri huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Nikawa nasikiliza huku nalisoma daftari langu kichwani. Hazingatii: ubongo wake wote ulikuwa kazini, ukilinda mlango. Anasinzia: darasani ndiko alikoweza kufumba macho.

Mtoa mada alituonyesha pia utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda wa 1998, uliozaa mradi uliowafikia watu wazima zaidi ya 17,000. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kupata ulevi, sonona na kujaribu kujiua. Mwenzangu mmoja akauliza, "Kwa hiyo wameshaharibika?" Hapana. Takwimu za umati hazimtabirii mtoto mmoja. Kule Romania, utafiti ulioanza mwaka 2000 kwa watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya yatima ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwa walezi walipiga hatua, hasa waliotoka kabla ya kufikisha kama miaka miwili. Ubongo wa mtoto unaumia na unapona, ila haukungojei ujipange.

Nilipiga simu siku ya 11 tangu nilipoiona alama ya kwanza. Alikuja na alama nyingine, shingoni, na sikwenda tena kwa mkuu. Nilisimama nyuma ya jengo la stoo, sauti inatetemeka, nimejiandaa kujitetea, kueleza mimi ni nani hata niseme. Ofisa wa ustawi wa jamii aliyepokea hakuuliza hayo. Aliuliza umri wa mtoto, anaishi na nani, kama kuna wadogo zake nyumbani, kama leo akirudi atakuwa salama. Nilisema alichoniambia mtoto kwa maneno yake mwenyewe, kama nilivyoyaandika.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Na wewe ulianza kushuku lini?"

Daftari lilikuwa mkononi, wazi kwenye ukurasa uleule. Nikamsomea tarehe. Kimya kidogo, nikasikia kalamu yake ikiandika, kisha akaniuliza swali linalofuata.