Siku Moja Malaba: Mbio, Malori na Daftari

Saa 11:20 alfajiri

Barabara ya Tororo tayari ina msururu wa malori. Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda, na wakala asiyekimbia alfajiri hakimbii kabisa, maana mchana ni wa wenye mizigo. Jirani yangu muuguzi ananisubiri langoni.

“Umeamkaje, kaka?”

“Salama, dada. Miguu tu ndiyo bado imelala.”

Tunachukua njia ya udongo, mbali na malori. Lengo langu ni kukimbia kilomita 10 bila kusimama, na bado niko mbali nalo. Tunakwenda kwa mwendo wa kuongea: ukiweza kusema sentensi nzima, uko kwenye mwendo wa wastani, ukibakiwa na neno mojamoja, umeingia mwendo mkali. Kipimo hiki ni cha bure na ni vigumu kukidanganya, hasa ukiwa na jirani anayeuliza maswali kwenye mwinuko.

Vijana wa boda wakituona hupiga kelele, “Cheptegei!” Huyo ni mtoto wa Kapchorwa, huko kwenye mitelemko ya Mlima Elgon. Alipoweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Valencia, tarehe 7 Oktoba 2020, alitumia dakika 26 na sekunde 11. Ni kama dakika 2 na sekunde 37 kwa kila kilomita. Yangu moja hula dakika 7 na ushee. Nawapungia mkono.

Saa 2 asubuhi

Kompyuta, nyaraka, simu za wenye mizigo. Kazi ya forodha siku hizi ni ya kukaa. Nikihitajika kwenye maegesho naenda kwa miguu, tena haraka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hata vipande vifupi vinahesabika. Mimi navihesabu, ila kwa saa ya mkononi. Simu siiamini. Ina programu ya hatua, na nikipanda boda kwenda Tororo mashimo ya njia huiongezea hesabu. Kuna jioni ilinipongeza kwa kufikisha lengo, na karibu siku nzima nilikuwa kitini.

Ndiyo maana tunaandika kwenye daftari la shule, lenye safu tatu: nilichopanga, nilichofanya, na kilichotokea hapo katikati. Jumapili mimi na dada tunabadilishana madaftari. Kumwandikia uongo mtu aliyekuona ukitembea kwenye mwinuko ni kazi kubwa kuliko kuukimbia.

Saa 7 mchana

Kalo, yaani ugali wa ulezi, na mchuzi wa karanga. Mzee mmoja, dereva wa tangi kutoka Mombasa, ananikagua.

“Mwanangu, umekonda. Biashara mbaya?”

“Nafanya mazoezi, mzee.”

“Mazoezi ni ya aliyeshiba. Ongeza kalo.”

Naongeza kidogo. Mzee ananiona nimekonda, mizani haioni kitu. Wala siigombezi: maji na chakula peke yake huweza kuusogeza uzito kilo moja au mbili ndani ya siku, hivyo napima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai.

Saa 10 alasiri

Pushapu nyuma ya ofisi, kisha naibeba jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, huku na huko uani. Wapagazi wanaopita na magunia mgongoni wanacheka, na wana haki.

Saa 12 jioni

Hapa ndipo siku huharibikia. Chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, kiko tayari, mirija mirefu imeshachomekwa, na kiti changu kinajulikana. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 huunguza kalori zipatazo 400, na rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai) yenye mafuta mengi inaweza kuzirudisha zote. Malwa sijui nihesabu vipi, kwa kuwa chungu ni cha wote na mrija hauna alama. Nakunywa, naongea siasa, naondoka kabla maji ya moto hayajaongezwa mara ya pili. Kwenye daftari naandika: “Malwa, saa nzima.”

Saa 3 usiku

Ujumbe unaingia: lori langu litafika saa 10 alfajiri. Namwandikia jirani.

“Kesho asubuhi sitakuwepo, dada. Nitakimbia jioni.”

“Jioni ya saa ngapi?”

Nakifikiria kile chungu. “Saa 11 na nusu.”

“Haya. Nikitoka zamu nitapita ofisini kwako, viatu miguuni.”